Mwaka wa Pasaka Mbili

Haya, nakutegea, na usinijibu kwa pupa. Kuna jambo lilikutokea wewe mwenyewe. Ulikuwepo mwanzo hadi mwisho, tena ndiwe uliyepiga kelele kuliko wote mle chumbani. Lakini ukiulizwa leo lilitokea lini, huna la kusema mpaka ukaulize wenzio. Jambo gani?

Umeshindwa? Nipe mji. Nipe Lincoln, mji mzuri, una kanisa refu na soko la sufu. Nilikwenda Lincoln, nikala nikashiba, nikarudi. Jibu lake ni kuzaliwa kwako.

Hamo Thirkell hakuwa mtu wa vitendawili, lakini hicho kimoja ndicho kilichompa mkate. Alikuwa mkaguzi wa mirathi wa mfalme wa Uingereza kwa upande ule wa Lincoln. Bwana mwenye ardhi ya mfalme akifa na kuacha mtoto mdogo, ardhi na mtoto vyote huwekwa mikononi mwa mlezi, na mlezi hula mavuno mpaka mtoto atimize miaka ishirini na moja. Siku mtoto anaposema "nimetimiza" na mlezi akasema "bado", hapo Hamo hutandikiwa farasi.

Oktoba ile farasi alimfikisha kanisani Averthorpe. Kijana aliyedai kutimiza aliitwa Warin, bwana wa kijiji hicho kwa jina tu, maana baba yake na mama yake, Bwana Hugh na Bibi Isolda, walikufa kwa homa yeye akiwa bado anafundishwa kupanda farasi. Mlezi wake alikuwa Bwana Fulk Stanewell, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye glavu za ngozi ya mbuzi alizozivua kidole kimoja kimoja kama mtu asiye na haraka na dunia.

Nje, upande wa msituni, mashoka yalikuwa yakilia.

"Unasikia, bwana mkaguzi?" Warin alimnong'oneza Hamo mlangoni. "Hiyo ni mialoni ya babu yangu. Nikizidi kukaa chini ya huyu mtu, nitarithi visiki na kunguru. Na mwezi ujao, Siku ya Mtakatifu Martin, ananioza kwa mjane mmoja wa Grimsby aliyezika waume watatu. Ameshapokea bei yangu."

"Mzuri?"

"Wale watatu walisema hivyo hivyo."

Hamo hakucheka. Aliingia, akakaa mezani chini ya dirisha, karani wake Piers akafungua chupa ya wino, na wazee kumi na wawili wa kijiji wakaapishwa kwa Injili. Ndiyo desturi ya watu wale: mtoto wa bwana hana umri mpaka wazee kumi na wawili waseme wanaujua, na kila mmoja aeleze kwa nini anaikumbuka siku ile.

Adam Pyke, seremala, alikuwa wa kwanza. "Naikumbuka kama jana, bwana mkaguzi. Siku aliyobatizwa bwana mdogo nilianguka ngazini nikavunjika mguu."

"Mguu upi?"

"Huu." Akaunyoosha watu wauone.

"Mguu si kitu," akadakia John Catte, mfuga nguruwe. "Mimi siku hiyo hiyo nilivunjika mikono yote miwili."

"Wewe? Mikono miwili? Na lile jagi la pombe jioni ulilishika na nini?"

"Nililishwa!"

"Na nani? Mkeo alikuwa hataki hata kukuona."

"Una wivu tu, Adam. Mguu wako ulipona kwa wiki, na wewe unachechemea mpaka leo ili uonewe huruma."

Hamo aligonga meza. Katika miaka yote ya kazi ile, hakuwahi kusikia mtoto wa bwana aliyezaliwa bila mkulima kuanguka ngazini. Akaendelea kuwasikiliza: mmoja alimzika mama yake, mwingine aliunguliwa banda, mwingine alinunua farasi kipofu. Lakini katika jambo lenyewe wote walikuwa kauli moja. Warin alizaliwa Juma Kuu, akabatizwa Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka, katika maji mapya yaliyobarikiwa siku hiyo.

"Na mwaka?"

Padri Osbert, aliyekuja Averthorpe miaka mingi baadaye, alileta kitabu cha misa na kukifungua pembeni, mahali padri wa zamani alipoandika kwa mkono uliotetemeka. Akasoma kwa sauti: Warin mwana wa Hugh, amebatizwa Jumamosi Kuu, mwaka wa Bwana elfu moja mia tatu ishirini na tano.

Warin alitabasamu. Alikuwa amehesabu vidole usiku na mchana: tangu Pasaka ya mwaka ule hadi Pasaka iliyopita ilikuwa miaka ishirini na moja kamili.

"Bwana Fulk," Hamo akasema, "una pingamizi?"

"Mimi? Hata kidogo. Nakubali neno kwa neno."

Hata John Catte alisahau mikono yake. Mlezi anayekubali ni kama paka anayekataa maziwa. Hamo aliweka kalamu chini akamtazama.

"Unakubali."

"Nakubali kwamba kabatizwa Jumamosi Kuu ya mwaka wa ishirini na tano. Nina swali moja tu kwa Padri. Padri, mwaka wetu unageuka lini?"

"Bwana anajua. Machi ishirini na tano, Sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria."

"Si Januari?"

"Nani atageuza mwaka Januari? Na baridi ile?"

"Vizuri. Na Pasaka, hukaa mahali pamoja?"

"Hutembea, bwana. Mwaka huu hapa, mwaka ule pale. Hufuata mwezi."

"Hebu tutazamie mwaka huo wa ishirini na tano ilitembea vipi."

Padri Osbert alifungua jedwali la Pasaka lililokuwa mwanzoni mwa kitabu, akashusha kidole polepole, akakipandisha, akakishusha tena. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyemeza mfupa.

"Sema, Padri," Hamo akamhimiza.

"Pasaka ya kwanza... ilikuwa Aprili, mwanzoni. Mwaka ulikuwa umegeuka karibuni tu."

"Umesema ya kwanza."

"Ndiyo. Maana iliyofuata ilikuja mapema mno. Machi ishirini na tatu." Padri akajifuta jasho. "Mwaka ulikuwa haujageuka bado. Ulibakiza siku mbili."

Bwana Fulk akakunja mikono tumboni. "Kwa hiyo mwaka ule mmoja ulikuwa na Pasaka ngapi?"

"Mbili, bwana."

"Mbili. Moja kichwani, moja mkiani. Kijana akiwa wa ile ya kichwani, ametimiza, nami nitamkabidhi funguo sasa hivi na kumpa mkono wa heri. Lakini akiwa wa ile ya mkiani, ni mtoto wangu mpaka Machi ijayo. Na mimi moyo wangu unaniambia ni wa mkiani. Bwana mkaguzi, andika basi. Andika ni ipi."

Shoka likalia msituni, na mti ukaanguka kwa kishindo kilichotikisa vioo. Warin alikuwa amesimama, mkono kwenye nguzo.

Hamo aliwageukia wale kumi na wawili. "Mmesikia. Pasaka ya Aprili au ya Machi? Adam, mguu wako ulivunjika ipi?"

Adam Pyke akautazama mguu kama vile ungemjibu. "Ulivunjika Pasaka, bwana. Sikuuliza zaidi."

"John?"

"Mimi nilikuwa na maumivu."

Akawapitia wote, akarudi mikono mitupu. Kisha Walter, msagaji nafaka, akakohoa. Kabla ya kusema alimtupia jicho Bwana Fulk, na Hamo aliliona jicho lile likienda na likirudi.

"Mimi nakumbuka theluji," Walter akasema. "Theluji mpaka vifundoni. Na theluji si ya Aprili, ni ya Machi. Kwa hiyo ni ile ya mwisho."

"Ahaa," Bwana Fulk akasema kwa upole.

"Theluji ilianguka Pasaka zote mbili, Walter," Adam akamkata. "Huku kwetu theluji haina adabu. Ile ya Aprili si ndiyo iliyomwangusha mama mkwe wako mbele ya kinu?"

"Yule alianguka mwenyewe!"

"Ulimsukuma."

"Nilimpungia mkono!"

"Piers," Hamo akamwambia karani, "futa theluji."

Akawapa watu ruhusa wakale, warudi kengele ya alasiri ikilia. Baada ya hapo, ushahidi usiposimama, angeandika "haikuthibitika," na neno hilo moja lingemwacha Warin kwa mlezi wake, mjane wa Grimsby na mashoka.

*

Wazee walikula mikate na samaki wa chumvi wakiwa wamekaa juu ya ukuta wa makaburi. Hamo alisimama mbele yao bila kula.

"Siku ile ya ubatizo," akauliza, "Bwana Hugh alitoa pombe?"

"Alitoa mapipa!" John Catte akajibu. "Tulikunywa mpaka ng'ombe wakakamuliwa kesho yake mchana."

"Wote mlikunywa?"

"Nani angekataa? Bibi Isolda alipendwa hapa kama mkate wa moto."

"Basi ndiyo maana hamna faida kwangu. Aliyefurahi alikunywa, na aliyekunywa amesahau. Mimi namtaka mtu ambaye siku ile hakufurahi. Aliyekaa mkavu na donge lake rohoni. Yuko?"

Walitazamana. Kisha Adam Pyke akaanza kucheka, akapaliwa na samaki, akapigwa mgongoni.

"Asiyefurahi, bwana mkaguzi? Kwani Bibi Maud amewahi kufurahi?"

"Maud ni nani?"

"Mjane wa Ralph, mdogo wake Bwana Hugh. Yule pale, nyumba ya mawe yenye dirisha moja. Yeye na Bibi Isolda waliolewa na ndugu wawili, wakazaa Juma Kuu moja, na tangu siku hiyo hawakupeana hata chumvi."

"Walizaa pamoja? Mbona hakuna aliyelisema hilo kanisani?"

Adam akainua mabega. "Umetuuliza mtoto wa bwana. Hukutuuliza mtoto wa mdogo wa bwana."

*

Nyumba ya Bibi Maud ilikuwa ndogo na safi mno. Kiti chake hakikuelekea motoni kama viti vya watu. Kilielekea dirishani, na dirishani palionekana paa la nyumba kubwa ya Averthorpe, dohani zake zote, na bendera. Mwenyewe alikuwa amekaa wima akidarizi. Juu ya meza palikuwa na paja bichi la mnyama paa, limefungwa kitambaa chenye alama ya Stanewell.

"Umekosea nyumba, bwana mkaguzi," akasema bila kuinua macho. "Wanaomsifu Isolda wako kule kwenye ukuta wa makaburi, wanakula samaki."

"Sikuja kumsifu, mama. Nimekuja kukuuliza swali moja. Warin alibatizwa Pasaka ipi, ya mwanzo wa mwaka ule au ya mwisho?"

"Waulize wavunjika miguu wako."

"Nimewauliza. Hawajui."

"Basi na mimi nijue kwa nini? Mtoto si wangu." Sindano ikapita kitambaani. "Mwanangu mimi anaitwa Thomas. Yuko Ufaransa na jeshi la mfalme, analala matopeni. Yeye hakuna aliyekuja na karani kuuliza kazaliwa lini. Mtu asiye na ardhi, umri wake wa nini? Bwana Fulk peke yake ndiye aliyemkumbuka kwa jina. Asubuhi ya leo alikuja hapa, akakaa hapo ulipo, akaniambia Thomas akirudi atampa nyumba na shamba kule Stanewell. Huyo bwana mdogo wenu hajawahi kumpa hata farasi aliyechoka."

"Na wewe ufanye nini ili Thomas apewe?"

"Nikae nyumbani kwangu nidarizi. Unaona ninavyodarizi?"

Hamo akalitazama paa lile la nyumba dirishani, akatazama kiti, kisha akanyanyuka kama mtu aliyemaliza.

"Basi, mama. Nitaandika walivyosema. Kwamba Warin alibatizwa peke yake, maji mapya yakiwa yake wa kwanza, na hapakuwa na mtoto mwingine kanisani."

Sindano ikasimama.

"Peke yake?"

"Ndivyo ilivyo."

"Nani kasema peke yake?"

"Hakuna hata mmoja kati ya wale kumi na wawili aliyetaja mtoto wa pili."

"Kumi na wawili!" Bibi Maud akakitupa kitambaa mapajani. "Thomas wangu alikuwepo! Alizaliwa siku moja kabla ya yule, na wote wakangojeshwa hadi Jumamosi kwa ajili ya maji mapya, kama wanavyongojeshwa watoto wote wa Juma Kuu. Na Thomas alifika kwanza. Kwanza! Mlango wa kanisa ulikuwa haujafunguliwa bado. Kila mama anajua, mtoto wa kwanza kuingia kwenye maji yaliyobarikiwa upya ana bahati yake. Wakasimama pale barazani kwenye upepo, mtoto amefunikwa shuka moja, wanangoja. Halafu ndiyo wanakuja wa nyumba kubwa, na mienge yao, na wapiga tarumbeta, na kitambaa cha hariri cha kumfutia, nyekundu, kama vile anabatizwa askofu. Padri akamwona Hugh, akageuka. 'Sogeeni kidogo,' akasema. Sogeeni! Wakamsogeza mwanangu nyuma ya nguzo, pale penye ngazi ya kengele. Wa Isolda akaingizwa kwanza, akatia mkojo ndani ya maji mapya, wakacheka, wakasema ni ishara ya baraka. Wangu akaingizwa kwenye maji yenye mkojo wa mwenzake. Na mshumaa wao ulikuwa mkubwa kuliko wa altare. Na wetu ukazimika."

Alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita, na kila kitu kilikuwa mahali pake, hariri na mkojo na mshumaa.

Hamo aliuliza taratibu. "Nguzo iliyo karibu na ngazi ya kengele?"

"Hiyo hiyo."

"Na mshumaa wenu ulizimika ukiwa mkononi au umeshawekwa?"

"Mkononi. Upepo wa mlangoni."

"Mama, mwanamke aliyejifungua haingii kanisani mpaka atolewe arobaini. Siku ile wewe ulikuwa kitandani, hapa ndani."

Bibi Maud akageuza uso dirishani.

"Hukuona hata kimoja katika hivyo. Nani alikusimulia?"

Angeweza kusema mkunga. Hamo alimpa nafasi ya kutosha kusema mkunga, au jirani, au mama wa ubatizo. Mjane akaokota kitambaa chake, akatafuta sindano, na mkono wake haukuipata.

"Toka," akasema. "Nina kazi."

*

Hamo alirudi kanisani kwa hatua ndefu. Padri Osbert alikuwa akifagia.

"Padri, Ralph, mume wa Bibi Maud. Alikufa lini?"

"Umemkanyaga, bwana mkaguzi."

Hamo akashuka kwenye jiwe. Lilikuwa jiwe dogo, limesogezwa pembeni kumpisha Bwana Hugh na Bibi Isolda waliolala katikati chini ya bamba la shaba. Akapiga goti, akapangusa vumbi kwa kiganja, akasoma: Ralph, amekufa Sikukuu ya Mtakatifu Lusia, mwaka wa Bwana elfu moja mia tatu ishirini na tano.

"Mtakatifu Lusia ni Desemba," Hamo akasema.

"Desemba, katikati."

"Na Desemba, mwaka ule, zilikuwa ngapi?"

Padri akacheka kwa woga. "Ah, Desemba haitembei, bwana. Moja tu."

Msagaji Walter, aliyekuwa akiota moto wa makaa karibu na mlango, alisema bila kuulizwa, "Mimi ndiye niliyemtoa. Barafu ya bwawa la kinu ilipasuka chini ya farasi wake. Hilo nalikumbuka kweli, bwana mkaguzi. Sikuhitaji mtu anikumbushe." Na safari hii hakumtazama mtu.

"Alimwona mwanawe kabla ya kufa?"

Walter akajikuna. "Sijui. Kuna wanaosema mtoto alizaliwa baba akiwa kaburini. Kuna wanaosema sivyo. Nani humtazama mdogo wa bwana?"

Hamo alibaki amepiga goti. Jiwe lilikuwa kati ya Pasaka mbili kama ukuta kati ya vyumba viwili. Kama Ralph alisimama barazani siku ile ya ubatizo, ilikuwa Aprili, na Warin alikuwa mtu mzima. Kama Ralph hakuwepo, hapakuwa na la kusema. Na aliyejua ni mtu mmoja, mwenye paja la paa mezani.

"Piers," akamwambia karani, "nenda kamwite Bibi Maud. Kwa amri ya mfalme, si kwa ombi langu."

*

Kengele ya alasiri ililia, watu wakajaa. Bibi Maud aliingia amevaa nyeusi, akapita katikati ya kanisa bila kuyatazama yale majina ya shaba, akasimama mbele ya meza. Bwana Fulk aliinuka kwa heshima zote.

"Bwana mkaguzi, tangu lini umri wa bwana ukathibitishwa na mwanamke?"

"Amri ya mfalme inasema niulize. Haisemi niulize wenye ndevu tu."

Wazee wakacheka. Bibi Maud akaapa, mkono juu ya Injili, na mkono ule ulikuwa umetulia.

"Bibi Maud," Hamo akaanza, "mwanao Thomas na huyu Warin walibatizwa siku moja?"

"Siku moja."

"Pasaka ipi?"

"Sikumbuki."

Mnong'ono ukapita kanisani. Bwana Fulk alishusha pumzi, akaanza kuvaa glavu, kidole kimoja kimoja.

"Mama mdogo," Warin akasema kutoka pale alipokuwa, "nakuomba."

"Usiniite mama mdogo. Miaka yote hujaniita hivyo. Leo ndiyo umejua njia ya kwangu?"

Warin akawa mwekundu, akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza Bibi Maud alimtazama barabara, uso na mabega, viatu na pete, kama mnunuzi anavyomtazama farasi wa jirani. Kisha macho yake yakaenda kwenye nguzo ya ngazi ya kengele, yakakaa huko.

Hamo alisogeza kiti chake. "Basi tuiache Pasaka. Siku ile wewe ulikuwa kitandani, lakini unajua kila kilichotokea hapa. Nguzo, hariri, mshumaa uliozimika mkononi. Mtu mmoja alitoka humu akaja kwako akakusimulia. Nimekuuliza nyumbani kwako hukunijibu. Nakuuliza tena mbele ya watu hawa. Ni nani?"

Bibi Maud aliendelea kuitazama nguzo. Karani alikuwa ameinua kalamu, tone la wino likakua nchani, likaanguka. Msituni shoka lilipiga, likapumzika, likapiga.

Ndipo Bwana Fulk akaona amsaidie.

"Tusimtese mjane, bwana mkaguzi. Ni jambo jepesi. Alikuwa mkunga, siyo, Bibi Maud? Mkunga ndiye hubeba mtoto, mkunga ndiye hurudisha habari. Mumeo, Mungu amrehemu, angekusimulia vipi? Pasaka ile ya Machi alikuwa ameshalala chini ya jiwe lake, maskini. Na maskini Thomas, hakupata kushikwa na baba yake hata siku moja. Wote tunajua. Sema mkunga, mama, ukapumzike."

Bibi Maud aligeuka akamtazama. Alimtazama kwa muda, kwa macho yale yale aliyokuwa akilitazamia paa la nyumba kubwa.

"Hata siku moja," akarudia.

"Ni huzuni, lakini ndivyo."

"Yaani wamwekee Isolda hariri, na mienge, na maji ya kwanza, na jiwe la katikati ya kanisa." Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakainama mbele kuisikia. "Na mimi ninyang'anywe hata hicho."

"Bibi Maud..."

"Nyamaza, Fulk, na nyama yako kaichukue." Akamgeukia karani. "Wewe kijana. Wino upo?"

"Upo, mama."

"Basi andika, na usiruke neno. Aliyenisimulia ni Ralph, mume wangu. Aliingia chumbani na matope yake, amempakata Thomas mwenyewe, amekataa kumwachia mkunga, na machozi ya hasira yanamtoka. Akaniambia, 'Wametuweka nyuma, Maud, nasi ndio tuliofika kwanza.'"